Pikapu Imewekwa Ngazi kwa Ajili Yako

Dada Gwantwa, pikapu imewaka. Ile ile ya marehemu mume wangu, mliyosema wewe na kaka niiuze chuma chakavu, imewaka, imenipeleka hadi Shangani, Mtwara mjini, na kunirudisha, na aliyeitengeneza ni Asajile wangu, kitinda mimba, hapa hapa uani.

Sasa ndiyo nikusalimie, maana hilo lisingengoja. Hujambo, dada yangu? Magoti yanakuacha ulale? Shemeji kifua kimepona na baridi ya huko? Mimi mzima, isipokuwa joto la hapa Naliendele, ambalo ukiambiwa unadhani naongeza chumvi. Ningekupigia simu, lakini wewe simu unaipokea ukiwa gengeni, unaniitikia "ehee, ehee" huku unapima viazi. Karatasi utaisoma umekaa.

Unakumbuka tulivyomleta baba Asajile huko Tukuyu mkamzika, nami nikarudi peke yangu kwenye nyumba aliyoijenga. Pikapu niliikuta chini ya mkorosho alipoiegesha, na haikutoka tena. Kuku wakaifanya yao, wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Jirani yangu Somoe, Mmakonde wa Mpapura, mtu wa maneno, kila akipita anasema, "Mama Asajile, hili gari lishakufa, lizikeni basi." Namjibu, "Sisi Wanyakyusa hatuziki kitu kinachotaga mayai."

Asajile ukimwona sasa hutamjua. Bandarini wanamtegemea, nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa nimemzaa. Siku za mapumziko wenzake wakienda ufukweni, yeye alilala chini ya gari. Hakusomea ufundi. Alikuwa anaangalia kwenye simu, na simu iliposhindwa akamwita mzee Chande, fundi mstaafu wa dizeli, anayesikiliza injini kwa bisibisi aliyoiegemeza sikioni kama daktari. Walisimika miti mitatu, wakafunga mnyororo, vijana wa mtaa wakavuta mpaka injini ikatoka. Dada, ua wangu ulijaa watu. Nilipika ugali wa muhogo kwenye sufuria ile kubwa ya harusi, na samaki, na chai, wao wanabishana juu ya ringi na nozeli za injini, mimi nimekaa katikati kama mwenyekiti. Nimeishi Mtwara miaka mingi, lakini miezi ile ndipo nilipojua majina ya watu wa mtaa wangu.

Walipomaliza kufunga, ikawaka, watu wakashangilia, ikazima. Wakawasha tena, ikaenda kidogo, ikazima. Mzee Chande akasema pampu ya dizeli imekufa. Wakaifungua, nzima. Wakatoa upepo kwenye mipira ya mafuta, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nabonyeza pampu ya mkono. Inaenda, inazima. Watu wakaanza kupungua, na mwanangu akawa hali chakula vizuri. Siku moja ilipozima akafungua kifuniko cha tangi aone kama mafuta yamo, tukasikia tangi linavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeibuka majini. Asajile akabaki na kifuniko mkononi. Akasema, "Mama, lilikuwa halipumui." Akaingia chini, akatoka na kile kibomba cha kupitisha hewa kwenda tangini, kimezibwa udongo. Nyigu walijenga humo. Pampu ilifunguliwa bure kwa ajili ya nyigu. Somoe alicheka mpaka akakaa chini, na mzee Chande akasema, "Mama huyu amefuga kuku, amefuga na nyigu."

Tangu hapo haijazima. Springi za nyuma zikawekwa mpya, bodi iliyokuwa imeliwa na chumvi ya bahari ikachomelewa, ikapakwa rangi ya bluu. Asajile akataka aongeze matairi mapana na spika za muziki. Nikamwambia spika sitaki. Nataka benchi mbili za godoro huko nyuma, turubai la kivuli, na ngazi.

"Ngazi ya nini, mama? Hili gari la mizigo."

"Ya mama yako mkubwa. Hawezi kuinua goti."

"Kwani mama mkubwa amesema anakuja?"

Nilikwenda kugeuza samaki. Lakini kesho yake aliichomelea, vipandio viwili, cha chini kiko karibu na ardhi kabisa, na pembeni chuma cha kushikia. Nimeipanda na kuishuka kuliko mtu yeyote, nikijifanya nina magoti yako.

Sasa gari limekwisha, na watu nao wamekwisha. Mzee Chande amepata gari jingine la kufungua huko Mikindani. Vijana wakipita wananipungia mkono tu, wana haraka. Asajile akiwa zamu nafagia ua ambao hauna hata tone la oili. Sufuria kubwa nimeirudisha juu ya kabati. Neno letu la nyumbani la kushukuru, ndaga, nalisema peke yangu nikijimiminia chai. Juzi Somoe alinisikia akauliza namshukuru nani.

Alikuwa amekuja kuomba gari limbebe mjukuu wake siku atakayotoka jando, wamshangilie barabarani. Nimempa kwa moyo mmoja, ila nikamwambia wakae benchi ya kushoto. Ya kulia, iliyo karibu na ngazi, bado ina nailoni yake, haijakaliwa na mtu.

"Hiyo ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Dada gani? Miaka yote hii mimi sijawahi kumwona."

Hakusema kwa ubaya. Lakini limenikaa mpaka leo, kwa kuwa ni kweli.

Siku zote umesema basi utalivumilia, ila kutoka stendi mpaka kwangu utafikaje, bodaboda huwezi. Nami nikakubali. Sasa, dada yangu, usinitafutie sababu nyingine. Hiyo moja tu imenilazimu kufufua gari zima.

Msalimie shemeji, umwambie hapa kifua chake kitapata joto mpaka alikimbie. Msalimie mkweo na wajukuu, na kaka yetu yule wa chuma chakavu, yeye atakaa kushoto. Mje na ndizi mbichi, muhogo nimeuchoka. Asajile ataendesha, mimi nitakuwa nyuma nimeshika lile turubai lisipige kelele, na sufuria nitakuwa nimeishusha.

Ni mimi mdogo wako, Mama Asajile, nitakayekuwa nimesimama stendi basi la kutoka Songea likiingia, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.