Malkia Alizimia, Hasina Hakuzimia

Afnan, uko? Shoga, nimetoka kwa Hasina sasa hivi, huko Sugar Land, karibu na Houston.

Aboud kamleta yule mwanamke wake wa mji wa Richardson! Nyumbani kwa mkewe! Eti ni binamu yake, anaitwa Raya, kapata kazi Houston, akae chumba cha wageni amsaidie Hasina na watoto. Amsaidie!

Na Hasina alikuwa anajua kitambo. Akampokea, akampakulia biriani, anatabasamu.

Kisha akaanza kutusimulia anayosoma chuoni, wafalme wa Uingereza na mahawara zao. "Mfalme Charles wa Pili alimleta hawara wake, Barbara, awe mhudumu wa chumbani kwa mkewe mpya. Malkia alipomtambua akatokwa na damu ya pua, akazimia."

Raya kijiko kikamganda mkononi. Aboud akauliza, "Habari gani hizi za mezani?"

"Za malkia. Maskini, mwishowe akamkubali yule hawara. Mimi sizimii, Aboud, na simkubali."

Sizimii! Wallahi kasema hivyo, na mama mkwe kaketi pale pale!

Aboud akamgeukia mamake. Mama akamwambia, "Usinitazame mimi. Mchukue mgeni wako mwondoke."

Nje wakakuta masanduku ya Aboud yamepangwa kando ya gari. Hasina aliyafunga mwenyewe, mume alipokwenda kumpokea Raya, akayatoa nje kwa siri kabla ya kupakua.

Akasubiri mpaka gari likaondoka. Akafunga mlango, akarudi mezani, akamwongeza mama mkwe nyama.