Mtutu Unaong'aa

Guildford, Sydney

Dada Peninah,

Huku baridi imeanza. Shemeji yako Cheruiyot aliacha kutumia baruti nyeusi kwenye ile bunduki yake ya kizamani, akanunua ya mbadala, eti haina masizi. Uongo mtupu! Nayo hula chuma usipoosha mtutu siku hiyo hiyo uliyofyatua kwa maji moto na sabuni.

Jumamosi ile alirudi kutoka klabu yao ya kulenga shabaha akaanza kuosha, simu kaiacha chumbani. Mimi nilikuwa hospitali na binti yetu Bridget, nampigia, nampigia. Alipofika, mtoto alikuwa ameshafunikwa uso.

Sijamlaumu kwa mdomo. Hajaifyatua tena, lakini kila jioni anachemsha maji, anaosha mtutu ule ule, anaupaka mafuta. Unang'aa, dada. Na simu anaiweka kando ya beseni, sauti hadi mwisho.

Mdogo wako,
Kendi