Foleni Niliyoiunda Mwenyewe

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Donholm hatujambo. Goti la babu yako limepoa, na mamako amerudi kwenye kwaya. Umeniuliza kama unyamaze mkubwa wako akiandika jina la mwingine kwenye kazi yako.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika kampuni ya kusambaza dawa. Laini ya simu ilipokatika, maagizo ya dawa yaliyotumwa kwa kompyuta kutoka matawini yalipotea, na wagonjwa wakakosa dawa. Seva yetu mpya, kompyuta kuu iliyoendesha programu za Java, ingeweza kuyaweka kwenye foleni hadi laini irudi, lakini foleni yenyewe ilibidi kwanza iundwe kwa kuchapa amri ambazo hakuna ofisini aliyezijua. Meneja akasema tumngoje fundi wa ng'ambo. Mimi nikasoma kitabu cha seva wiki mbili, nikachapa amri hizo. Mashine ilinikataa mara nyingi, mwishowe ikakubali. Laini ilipokatika tena, maagizo yalisubiri, kisha yakaingia yote.

Meneja akaniita. "Mama, tutaandika kwenye ripoti kwamba ni kazi ya fundi. Wakubwa hawataamini karani."

"Basi waniite nichape wakiniangalia."

Niliandika jina langu kwenye ripoti na kuwapelekea wakubwa mwenyewe. Wakaniita kweli. Nikaunda foleni nyingine mbele yao, bila kitabu, na jina langu likabaki.

Meneja hakunisalimia mwaka mzima. Mimi nilimsalimia kila asubuhi, kwa sauti, ofisi nzima ikisikia.

Nakukumbatia,
Nyanya yako