Kurasa Tatu za Mwisho

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama jikoni na mwiko mkononi, maana ni ndefu na wewe hukai chini mpaka uambiwe. Goti lako linaendeleaje? Shemeji bado anakoroma? Waambie watoto kwamba mjomba wao anawakumbuka, hata kama hapigi simu. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Mengine ndiyo haya ninayokuandikia.

Kazini ni kulekule, ghorofa ya pili, meza iliyo karibu na choo. Waandishi wananiita Mkasi. Makala ya Jumamosi mwisho wake ni maneno mia sita. Mhariri mkuu anasema msomaji wa siku hizi hasomi, anachungulia tu. Mtu ananiletea maneno elfu mbili aliyoyatolea jasho, mimi nabakiza mia sita. Tena tunakata kutoka chini, kwa sababu mwandishi wa gazeti hufundishwa kuanza na jambo kubwa, madogo yafuate. Ndiyo kanuni. Sasa nani atataka kula na mtu kama huyo? Saa ya chakula wenzangu wanashuka kwa makundi, mimi nafungua kibakuli changu mbele ya kompyuta. Wakirudi wanacheka, nikigeuka wananyamaza.

Nyumbani nako ni yaleyale. Nina viti viwili, dada, na kimoja nakitumia kuanikia mashati. Tangu tumzike Baba sijazungumza na mtu Jumapili hata moja, ukiacha muuza duka, naye hunijibu huku anatazama simu yake. Upweke huu unanila, sikufichi. Na Jumapili ndipo sauti yako ya siku ile ya msiba hunirudia.

Ulikuwa umekaa na shangazi zetu, mimi nimesimama mlangoni. Uliwaambia kwamba makala ya Baba kuhusu maisha yake ya ualimu ulimsomea mwenyewe, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayawezi tena herufi za gazeti. Ukasema alimtaja kila mtu, mpaka yule paka aliyefukuza panya kwenye ghala la shule, lakini wewe uliyemwogesha na kumlisha miaka tisa hukutajwa hata kwa neno moja. Ukaeleza kwamba ulipomaliza alikuambia ufungue ukurasa mwingine, ukamjibu kuwa imeishia hapo. Akabisha, akasema umeruka. Ulidhani akili imeanza kumtoka. Shangazi mkubwa akakubembeleza kwamba wazee husahau. Ukalia, dada, ukalia kweli. Mimi nikatoka nje kama mtu aliyeitwa.

Sasa nisikilize. Baba hakusahau, na akili yake ilikuwa timamu.

Makala ile aliniletea kwa posta, kurasa kumi na tisa, kalamu nene, herufi kubwa, mistari imepandana. Alikuwa akiiandika wewe ukiwa sokoni, halafu anaificha chini ya mto usiione. Maskini, hakujua kanuni zetu. Aliandika kama alivyozoea kuandika barua: kwanza salamu, kisha habari za huku na huku, na lililomleta akaliweka mwisho. Kurasa tatu za mwisho zilikuwa zako tupu.

Nilizikata. Wiki ile tangazo la magodoro lilimeza nusu ya ukurasa, nikabaki na nafasi ya maneno mia nne. Kesho yake Baba alinipigia simu kuniuliza mwisho wa habari yake umekwenda wapi. Nikamweleza kwamba nafasi ilijaa, magazeti ndivyo yalivyo. Akasema basi, atakuambia mwenyewe kwa mdomo, akishapata pa kuanzia. Unajua Baba alivyokuwa mgumu wa maneno ya mapenzi. Siku kumi na mbili baadaye ukanipigia kunieleza kwamba hatunaye.

Hayo ningeweza kulisingizia gazeti mpaka kesho. Lakini dada, nilikuwa na uwezo wa kuziacha zako, nikamkata paka, nikaikata habari ya kengele ya shule, nikaikata na ile hadithi ya mkaguzi aliyeanguka matopeni ambayo sote tunaijua kwa moyo. Nilizisoma zote kumi na tisa, taratibu, nikitafuta mahali aliponitaja mimi. Sikupaona. Nikaona wivu, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nikajificha nyuma ya kanuni. Na siku ya msiba kurasa hizo nilikuwa nazo. Zilikuwa mfukoni mwa koti langu wakati wewe unalia.

Nimezitia humu kwenye bahasha. Mwandiko wake unasumbua, kwa hiyo nakunakilia mistari ya mwisho kama alivyoiandika:

“Haya yote ya juu nimeyasema ili nifike hapa. Binti yangu hunisomea gazeti kila asubuhi, na najua hii pia atanisomea yeye. Basi mwanangu, ukifika hapa pumzika kidogo, unywe maji. Mimi sijui kusema asante uso kwa uso. Kwa hiyo nimeiandika, uisome wewe kwa sauti yako, nami niisikie ikisemwa: asante, mama. Umenilea.”

Msamaha sikuombi kwa barua. Likizo yangu inaanza mwezi ujao, nitakuja. Ukinifungulia mlango nitashukuru, usiponifungulia nitaelewa. Nisalimie shemeji na watoto, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako, uliyembeba mgongoni.