Kiti Kifupi Kilichofichwa Darini

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi nakusanya viti vya enzi ya Malkia Viktoria, vimejaa mpaka kwenye ngazi, na juu ya kila kimoja nimeweka ua kavu la miiba ili mgeni asithubutu kukaa, mume wangu Clive hunitania kwamba akifa nitamwekea ua la miiba kifuani, basi binti yetu Rosalind alipopata mimba nilimnunulia mnadani kiti cha kunyonyeshea, kile kifupi kisicho na pa kuegemeza mikono, cha mahameli ya kijani, akakipenda, akasema, "Mama, hiki usikitilie miiba yako," nikakubali, kisha mwezi wa tatu mwaka huu mtoto akazaliwa amekwisha kufa, wakamwita Edith, wakamzika, nami kabla Rosalind hajatoka hospitali nilikipandisha kiti darini nikakifunika shuka, sasa kila Jumapili akija kula nasi huuliza kiko wapi, nami humwambia kiko kwa fundi, na juzi alinitazama akasema taratibu, "Huyo fundi wako, Mama, ana kazi nyingi," nikamwongezea chai. Clive anasema kiuzwe kimyakimya. Nikiuze, au nimwambie ukweli nimtoneshe kidonda?

Mama Rosalind, Ludlow

Mama Rosalind,

Pole sana kwa kumpoteza mjukuu. Edith ni jina zuri, na nashukuru umeliandika.

Lakini acha nikuseme. Mwanao anaulizia kiti, wewe unamtajia fundi. Anajua unamdanganya, ila anakusitiri. Yaani aliyefiwa ndiye anayekubembeleza. Na wewe mpenda viti, hujawahi kujiuliza waliokikalia hicho ni akina nani? Wanawake wa enzi zile walizika vichanga wengi, na kiti kilibaki chumbani. Walikaa papo hapo, maziwa yakiwatoka bure. Umetunza mbao na mahameli, wao ukawasahau.

Usikiuze. Clive akushikie upande wa pili mkishushe kabla ya Jumapili, mkiweke dirishani, bila shuka wala miiba. Rosalind akiingia usianze hotuba. Mwambie, "Kilikuwa darini. Niliogopa." Halafu nyamaza. Akitaka kukipeleka kwake, mfungulie mlango wa gari. Akitaka kukaa, usimsimamie kichwani, keti chini sakafuni karibu naye.

Kisha muulize Rosalind, Edith alifanana na nani. Nadhani tangu mwezi wa tatu hakuna aliyemuuliza.