Kile Ulichowaambia Kwenye Foleni ya Ngisi

Mpendwa mama niliyemzaa mwenyewe,

Watu wasishangae. Faida ni jina la mama yangu mzazi, na tangu mimi baba yako nilipokupa jina hilo sijakuita vingine ila mama, hata siku zile ulipokuwa unakojoa kitandani. Barua hii naiandika wazi, isomwe na jumuiya yetu nzima, kwa sababu habari ya kuanguka kwangu nayo ilitangazwa kwa jumuiya nzima. Mama Riziki, jirani, alikuja kuniachia sombe, kile kisamvu chetu, mlangoni, akachungulia dirishani, akaniona chini jikoni. Alikupigia simu Taiwan kabla hajaniuliza mimi kama nimeumia.

Ukweli ni huu: nilikuwa nacheza rumba na ufagio. Ufagio ukakosea hatua.

Sasa unasema unaacha masomo. Umebakiza mwaka huu tu wa kujifunza injini za meli, unataka kuutupa, utafute ndege, ufungiwe hotelini wiki mbili kwa ajili ya Korona, halafu uje hapa Toongabbie, Sydney, kunitazama nikinywa chai. Umenitangazia kwa Kiingereza, kama kawaida yako ukitaka kuniamrisha, na ukasema nisibishe.

Sibishi, mama. Nakukumbusha siku moja tu.

Unaikumbuka ile siku nilipokutembelea huko Kaohsiung unakosoma, muda mfupi kabla dunia haijafunga milango? Mimi nimevuka mipaka mingi katika maisha yangu, lakini ule ulikuwa wa kwanza kuuvuka bila kukimbia. Begi nililipanga taratibu, nikalipangua, nikalipanga tena, kwa raha tu. Kwenye uwanja wa ndege nilitoa paspoti yenye kangaruu kama mtu anayetoa picha ya mchumba.

Asubuhi ulinipeleka kwenye lile bwawa lenye minara miwili, mmoja una mdomo wa joka, wa pili mdomo wa simbamarara. Ukanieleza vizuri kabisa: unaingilia kwa joka, unatokea kwa simbamarara, ndipo mikosi inageuka heri. Mimi nikaona kwa simbamarara hakuna msongamano, nikaingia.

“Papa! Papa, siyo hapo! Unatuletea mikosi!”

Miezi haikupita mingi, Korona ikafunga dunia. Sijamwambia mtu, na wanaosoma barua hii nawaomba watunze siri.

Lakini mwenzangu, ulipiga kelele kwa Kiswahili! Wewe ambaye hapa Sydney nikikuuliza kama umekula unanijibu Kiingereza, siku ile ulisema Kiswahili mpaka jioni, kwa kuwa uligundua kwamba tunaweza kusengenya watu mbele ya macho yao. Tulimsengenya yule bwana aliyemvalisha mbwa viatu. Tulisengenya hata chakula. Ulinipa nyanya zilizokatwa, za kuchovya kwenye mchuzi mzito wa soya wenye tangawizi na sukari, nikasema hawa watu walianza kutengeneza kachumbari wakasahau walikuwa wanaelekea wapi. Halafu nikamaliza sahani, yako na yangu. Ukaniletea barafu iliyosagwa ikawekewa maembe, bakuli kubwa kama karai la kuogeshea mtoto, ukacheka nilipoomba mkate wa kusindikizia.

Alasiri tukavuka kwa kivuko kwenda kile kisiwa chembamba kilicho mbele ya bandari, tumebanwa na pikipiki kila upande. Njaa ikarudi, maana barafu si chakula. Tukapanga foleni kwa yule mama anayechoma ngisi, mwanamke wa umri wangu, mikono yake myeusi kwa moshi. Tulipomfikia, wewe ukataka kuagiza. Mimi nikanyoosha mkono kumsalimu.

“Mwulize ameamkaje,” nikasema.

“Papa, watu wanasubiri.”

“Mwulize. Na nyumbani kwake, hawajambo? Nitakulaje kwa mkono wa mtu nisiyemsalimu?”

“Huku hawasalimiani hivyo. Wazee wao wanaulizana kama umekula.”

“Basi mwulize kama amekula.”

Ukamwuliza. Yule mama akauacha mkaa wake, akakutazama, akanitazama, akasema maneno marefu. Ukamjibu. Akauliza tena. Hapo ndipo uliponielekezea mdomo, vile alivyokuwa akifanya bibi yako, ukasema neno moja fupi. Foleni nzima ikaangua kicheko. Yule mama alicheka akashika meza. Mzee mmoja nyuma yangu alinipiga begani kama tumekua pamoja. Tukapewa ngisi wa pili bila kuomba.

“Umewaambia nini?”

“Sikwambii, Papa.”

Mpaka leo hujaniambia.

Mama, sikiliza. Mimi nchi hii nimekaa miaka. Kwenye ghala la St Marys nilibeba, nilishusha, nilielewa kila nilichoambiwa, na niliposhindwa kuelewa nilitabasamu. Kiingereza changu kinaweza kuomba kazi, kinaweza kumweleza daktari pale panapouma. Lakini kumchekesha mtu? Nikitania, wananiuliza kama niko salama. Na wewe, mtoto uliyezaliwa kambi ya wakimbizi, ulisimama katika kisiwa cha watu ukawachekesha kwa lugha yao, mpaka wakasahau njaa. Nilishika kijiti changu cha ngisi, mchuzi unanichuruzika hadi kwenye kiwiko, kichekesho chenyewe ni mimi, na sijawahi kujiona mrefu vile.

Halafu tukakaa ukutani tukitazama meli inaingia bandarini, kubwa kama mtaa unaotembea. Ukaniambia injini yake inazidi jengo letu zima la Toongabbie. “Mimi nitakuwa humo ndani, Papa, chini kabisa, naiamrisha.” Nikakuamini. Kuamrisha unakujua.

Sasa unataka kuja kuamrisha goti langu. Goti linauma, sikatai. Nyumba ni kimya, hilo pia sikatai. Tumekatazwa kutoka kwa sababu ya Korona, helikopta ya polisi inazunguka juu kutuhesabu, ibada tunasali kwenye simu, na kuna siku naisalimia redio anapoingia mtangazaji. Nakukumbuka, mama. Nikiona ndizi zinauzwa, nakukumbuka, na hata sijui ndizi zinahusiana vipi na wewe.

Lakini sijaharibika. Juzi nilikwenda kuchanjwa. Yule muuguzi alikuwa amevaa barakoa mpaka machoni, hana hata nafasi ya kuniangalia. Nikamwuliza, kwa hiki Kiingereza changu, kama amekula. Akasimama na sindano mkononi. Akasema hapana, tangu asubuhi, na hakuna aliyemwuliza. Nikamwambia anichome haraka basi, akale. Akacheka! Mtu wa tatu kwenye foleni akacheka naye. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako katika ukoo huu.

Ninachotaka ni hiki: baki hapo. Maliza. Sikuvuka mipaka yote ile ili mtoto wangu azime injini ya meli kwa sababu ya ufagio. Mama Riziki ananiletea sombe, na sasa nimempa ufunguo, achungulie kwa heshima.

Siku watakapofungua mipaka, nitakayepanda ndege ni mimi. Safari hii nitaingilia kwa joka, mpole kama mtoto wa kipaimara. Kisha tutavuka hadi kwa yule mama wa ngisi. Nitamwuliza mwenyewe, kwa Kichina utakachonifundisha kwenye simu kila Jumapili, kama amekula. Na hapo, mbele yake na mbele ya foleni, ndipo utakaponiambia ulisema nini.

Usiniambie kabla ya siku hiyo. Nimekataa kufa bila kujua.

Ni mimi, mwanao mwenye mvi,
Papa