Kamba ya Baba

Dada, shikamoo. Huku hatujambo, na paka amezaa tena kwenye kabati lako.

Baba hasemi tangu alipopooza, ila ukaidi wake haujapooza. Mama alimpa kengele ya kutuitia, akaitupa nje dirishani; yeye si mbuzi! Bado ni mtengeneza magitaa yule yule: alituelekeza kwa mkono mmoja tufunge kamba kutoka kitandani kwake mpaka jikoni. Ilipolegea, wimbi la mtikiso wake lilifia njiani. Tukaikaza, na sasa akiitikisa kidogo tu, linafika kabla Mama hajageuka. Juzi Mama kajisahau, kaanika shuka mbichi juu ya kamba. Baba katikisa weee, wimbi likaishia kwenye shuka. Alinuna mpaka jioni.

Jana Baba na Mama waliitikisa kwa pamoja, kila mtu upande wake. Mawimbi yakakutana katikati, yakapitana, kila moja likafika salama.

Nikawakumbuka wewe na Baba, mlivyoachana mlangoni bila kwaheri. Nikamuuliza, “Nimwite Dada?” Akaitikisa kamba mpaka Mama akaja mbio, kisha akamwonyesha mlango wa chumba chako.

Mama anatandika kitanda chako sasa hivi, kwa shuka ile ile. Paka tutamhamisha.

Mdogo wako